Daftari la Shangazi na Swali la Furaha

Wazee wangu, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mliokubali kukaa chini huku mbele ili wakubwa wapate viti: asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kwa maneno linaonekana jepesi. Je, mtu hupata furaha kwa kufuata maslahi yake mwenyewe, alimradi ayafuate kwa akili na si kwa pupa? Au furaha iko kwingine kabisa? Nimekaa na swali hili majuma kadhaa. Kila nilipodhani nimelimaliza, lilinirudisha kwenye daftari moja, kwa hiyo naomba nianzie hapo.

Shangazi yangu alipofariki, mimi na dada yangu ndio tuliopewa kazi ya kupanga vitu vyake. Kwenye droo ya kabati la chumbani, chini ya barua na picha za zamani, tulikuta daftari la jalada gumu lililolika kingo. Mwandiko ulikuwa wake, ule mdogo ulioinamia kulia. Tulidhani ni hesabu za nyumbani. Kumbe kila mstari ulikuwa na jina la mtu, tarehe, na kile alichompa: ada ya shule, nauli, dawa, miezi minne ya kumlelea mtoto. Safu ya mwisho upande wa kulia ilikuwa na kichwa cha neno moja: "Amerudi?" Chini ya neno hilo, mstari baada ya mstari, alikuwa ameweka kistari kidogo cha wino. Kurasa thelathini na kitu za vistari. Nilijikuta nimo, ukurasa wa tisa. Mbele ya jina langu palikuwa na kistari.

Nataka mwelewe huyu alikuwa mtu wa aina gani. Kila aliyemjua alimwita mwenye roho nzuri. Aliacha nafasi ya masomo ili wadogo zake wasome. Alikataa kuolewa kwa sababu nani angebaki na mama. Hakuna aliyebisha mlango wake akaondoka mikono mitupu. Lakini miaka yake ya mwisho nyumba ile ilikuwa nzito. Ukimtembelea alikuhesabia waliomsahau. Tulianza kwenda kwa nadra, tukienda tunatazama saa, naye akaliona hilo akaliandika, sasa najua aliliandika. Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Shangazi alitenda wema, ila hakuwa na mahali pake pa kwenda. Maisha yake yote alikuwa ameyaweka mikononi mwa wengine, akabaki mlangoni akingoja warudi nayo.

Yupo mwanafikra aliyeitazama hali kama hiyo akasema waziwazi kwamba tumefundishwa vibaya. Ayn Rand alizaliwa Saint Petersburg, Urusi, mwaka 1905. Akiwa msichana mdogo aliona duka la dawa la baba yake likichukuliwa na watu wa mapinduzi kwa jina la umma. Mwaka 1926 akaenda Marekani, akawa mwandishi wa riwaya, na mwaka 1964 akatoa mkusanyiko wa insha ambao jina lake peke yake liliwashtua watu, maana liliuita ubinafsi kuwa fadhila. Alifariki New York mwaka 1982. Mpaka leo wapo wanaomfuata kama taa ya maisha, na wapo wasiotaka hata kumsikia akitajwa.

Mimi nililetewa kitabu hicho na binti mmoja niliyewahi kumfundisha. Alikuja amekishika kifuani, kurasa nyingi amezikunja pembe. Tangu mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyekuwa akilea wadogo zake watatu, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kusoma hisabati chuo cha mbali. Aliniuliza, "Mwalimu, nikijichagua mimi, nitakuwa na furaha?" Siku ile sikuwa na jibu. Nikamwambia aniachie kitabu nisome kwanza.

Nikasoma, na nataka nimtendee haki mwandishi, kwa sababu wengi wanaomlaumu hawakumsoma. Hakufundisha wizi wala ulafi. Alichosema ni kwamba maisha ya kila mtu ni lengo lenyewe, hayakuumbwa yawe ngazi ya mtu mwingine. Usimtoe mwenzako kafara kwa faida yako, wala usijitoe kafara kwa faida ya mwenzako. Akili ndiyo chombo tulichonacho cha kujua lipi linatufaa, na furaha ni ile hali inayomjia mtu anapoyafikia yale anayoyathamini, ikiwa ameyachagua kwa akili na hayagombani yenyewe kwa yenyewe. Mlevi anayepata kila anachokitamani hana furaha kwa maana hiyo, amekimbia maumivu kwa saa chache tu. Mwenye kuiba naye hana, kwa kuwa maisha yake yameegemea jasho la mtu mwingine. Wahenga wetu wasingemshangaa sana hapo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema, na sidhani walimaanisha umaskini wa mfuko peke yake.

Sisi kwa Kiswahili tuna shida ya neno. Tukishasema "ubinafsi" tumeshahukumu. Neno hilo linakaa karibu mno na uchoyo na umimi. Lakini nafsi yenyewe haina kosa. Kuna kujitunza, kujithamini, kujiheshimu, kujijali, na hakuna mzazi anayemkataza mwanawe hayo. Kwa hiyo leo nitasema kujijali kwa akili, ili tusigombane juu ya jina kabla hatujafika kwenye jambo.

Na lipo neno lingine ambalo limenifundisha kuliko vitabu. Tunasema "kujitolea." Lisikilizeni. Anayejitolea hutoa nini? Hutoa ile "ji" iliyo katikati ya neno. Na kitu usichokuwa nacho hukitoi. Mtu ambaye hajawahi kuwa na nafsi yake, ambaye tangu utoto alifundishwa kwamba kutaka kitu kwa ajili yake ni aibu, huyo akitoa hajitolei. Anaomba. Anatoa nauli na ada ya shule huku akiomba aambiwe kwamba naye ni mtu. Ndivyo ninavyolisoma lile daftari siku hizi, na hapo nasimama upande wa Rand bila kusitasita. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilisema jambo la jamaa hii zaidi ya miaka 2300 iliyopita, kwamba mtu mwema anapaswa kuwa rafiki wa nafsi yake kwanza. Ila akaongeza kuwa wapo wanaojipenda kwa kunyakua mali, vyeo na anasa, na yupo anayejipenda kwa kutaka awe mtu wa matendo mazuri, na huyu wa pili ndiye hasa anayejipenda, ingawa watu hawamwiti hivyo.

Kwa hiyo nakubali mengi. Ugumu wangu unaanzia pale Rand anapozungumzia upendo.

Katika insha moja anatoa mfano wa mume anayempenda mkewe sana. Mke anaugua ugonjwa wa hatari, mume anatumia mali nyingi amtibishe. Rand anasema ni upuuzi kuliita hilo kafara. Maisha ya mke yana thamani kubwa kwa mume, furaha ya mume inayategemea, basi mume amefanya kwa ajili ya nafsi yake. Nilipolisoma mara ya kwanza lilinivutia. Linamwondolea mke mzigo wa kudaiwa, na nani anataka kupendwa kwa huruma? Lakini nilipolirudia nikaona kuna kitu kimepita haraka mno. Ni kweli kwamba mke akipona mume atafurahi. Je, ndiyo kusema kwamba alikuwa akiitibu furaha yake?

Hoja hii ina wakubwa zake. Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alionekana akimpa ombaomba sadaka. Akaulizwa kama angefanya hivyo bila amri ya dini. Kwa jinsi John Aubrey alivyoyaandika maisha yake, Hobbes alijibu kwamba kumwona yule mzee katika dhiki kulimtia uchungu, na sadaka ile, kwa kumpunguzia mzee dhiki, ilimpunguzia na yeye uchungu wake. Vijana hulipenda jibu hili. Linaonekana la mtu asiyedanganyika. Lakini liulizeni swali moja tu: kwa nini uchungu wa mzee ulimuuma Hobbes? Mtu ambaye hajali mzee anaishije hawezi kupata nafuu kwa kumwona mzee amepata nafuu. Kujali kulikuwapo kabla ya nafuu. Nafuu ilikuja nyuma yake, kama kivuli kinavyokuja nyuma ya mtu.

Aliyelifungua fundo hili vizuri kuliko wote niliowasoma ni kasisi wa Uingereza, Joseph Butler, katika mahubiri yaliyochapishwa mwaka 1726. Hoja yake naiweka kwa maneno yangu. Mwenye njaa anataka chakula. Hataki raha ya kula. Anataka chakula, na kwa kuwa anakitaka, kula kunampa raha. Ukimwondolea hamu ya chakula ukamwachia hamu ya raha peke yake, atakaa mbele ya sahani iliyojaa na raha asiione. Ndivyo ilivyo kwa muziki, kwa kazi, kwa watoto, kwa rafiki. Raha ya kitu huzaliwa na kukitaka kitu chenyewe. Kwa hiyo mtu ambaye angefanikiwa kweli kutopenda chochote ila furaha yake, angekuwa amejikata mizizi. Hana kitu cha kumfurahisha. Maslahi yake hayana yaliyomo.

Naomba tukae hapo kidogo, maana ndipo jambo lote lilipo kwangu. Tukimuuliza mtu maslahi yake ni yapi, atataja nini? Atataja mtoto wake, shamba lake, ufundi wake, jina lake jema, ndugu, kitabu anachotaka kukimaliza kabla hajafa. Orodha yote hiyo imejaa vitu ambavyo si yeye. Kujijali kwa akili kunaweza kuipanga orodha, kukasema hiki kwanza, kile baadaye, hiki kitakuua kiache. Kuiandika orodha hakuwezi. Orodha inaandikwa na upendo, na upendo hauulizi kwanza nitapata nini.

Nitawaambia lililonipata, kwa sababu sipendi kusema habari za upendo kwa hewani.

Baba yangu alipigwa na kiharusi, akaishi miezi kumi na mmoja bila kusema. Zamu za usiku zilikuwa zangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado una nguvu kidogo, tukatengeneza lugha yetu: alinishika kifundo cha mkono, akibonyeza kidole gumba mara moja anataka maji, mara mbili anataka kugeuzwa. Maji nilimpa kwa kijiko, nusu kijiko, kisha nangoja koo lipande na kushuka ndipo nitie kingine. Ukiharakisha anapaliwa. Nilijifunza kumsikiliza akimeza kama fundi anavyosikiliza injini. Usiku mmoja, karibu na alfajiri, nilikuwa nimemgeuza, nimemfuta mdomo, nimekunja taulo, nikaketi. Ndipo nikagundua kwamba tangu saa tatu ya usiku sikuwa nimejifikiria hata mara moja. Na nikagundua pia kwamba nilikuwa na furaha. Raha sikuwa nayo, mgongo ulikuwa unauma na macho yamejaa mchanga. Ila kulikuwa na utulivu kifuani ambao siwezi kuuita kwa jina jingine.

Najua Rand angesema nini. Baba yako ulimthamini, ukamhudumia, ukaipata furaha yako: ubinafsi wa akili huo. Basi nami namuuliza hivi. Tuseme usiku ule angekuja mtu na dawa, akaniambia, nitakupa utulivu huo huo kifuani, sawasawa, bila upungufu, nawe ukalale, na baba yako atabaki na kiu mpaka asubuhi bila wewe kujua. Kama nilichokuwa nakitafuta ni furaha yangu, ningekuwa mjinga kukataa. Na hakuna mmoja wenu hapa anayeamini kwamba kukataa kungekuwa ujinga. Ningekataa kwa sababu nilichokitaka ni baba apate maji. Furaha ilikuja pasipo kuitwa. Ukiliita jambo hilo ubinafsi, neno ubinafsi limenyooshwa mpaka limekuwa kubwa kuliko kila kitu, na neno linalofunika kila kitu halituambii tena lolote.

Yupo mtu aliyelijua hili kwa uchungu kuliko mimi. John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, alizaliwa London mwaka 1806, na baba yake alimlea kwa akili tupu. Kigiriki alianza akiwa na miaka mitatu. Alifundishwa kupima kila jambo kwa kipimo cha faida na furaha inayoleta, akakua akiamini kwamba kazi yake ni kuirekebisha dunia kwa kipimo hicho. Vuli ya mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza swali: je, kama malengo yako yote ya maisha yangetimia leo hii, mageuzi yote unayoyataka, ungekuwa na furaha kubwa? Na ndani yake kitu kikajibu, hapana. Akaporomoka. Kwa miezi alikuwa akifanya kazi kama mashine, hana anachokitamani.

Kilichomtoa humo si hoja. Alikuwa akisoma kumbukumbu za mwandishi mmoja Mfaransa, akafika mahali ambapo baba wa mwandishi anakufa, na yule mtoto, bado kijana mdogo, anaiona dhiki ya mama na ndugu zake, akajihisi kwamba atakuwa kila kitu kwao, atajaza pengo lote. Mill akalia. Tangu hapo mzigo ukaanza kupungua. Mimi kila nikilisoma tukio hili nasimama. Mtu aliyelelewa kwa hesabu za furaha aliponywa na habari ya mtoto aliyeisahau furaha yake. Baadaye, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1873, aliandika kwamba bado anaamini furaha ndiyo lengo la maisha, ila wanaoipata ni wale ambao mawazo yao yameelekea kitu kingine. Na kwamba mtu akianza kujiuliza kama ana furaha, ndipo inapomtoka.

Watetezi wa Rand watasema, na wana haki, kwamba hata yeye hakufundisha mtu aikimbize furaha kila dakika. Ni kweli. Alisema furaha inaweza kuwa kusudi la maadili lakini haiwezi kuwa kipimo chake. Hapo amekaribia sana. Lakini amekaribia akiwa bado amelishika neno nafsi mkononi, hataki kuliweka chini hata kwa muda wa kumnywesha mgonjwa maji.

Na akili yenyewe, ile tunayoambiwa ituongoze, haisimami peke yake. Daktari wa ubongo Antonio Damasio ameandika habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa chini. Vipimo vya akili wanafaulu, hoja wanajenga, ila hisia zao zimepoa. Mmoja wao alipewa tarehe mbili achague siku ya kurudi kwenye maabara. Akafungua kitabu chake cha miadi, akaanza kupima: shughuli nyingine, hali ya hewa, hili na lile, karibu nusu saa nzima, bila kuchagua. Mwishowe Damasio akamwambia kwa upole aje tarehe ya pili. Akajibu, sawa, akafunga kitabu, akaondoka. Hesabu alikuwa nayo. Alikosa kitu cha kumwambia kwamba hesabu imetosha.

Wapo pia wanaonijia na hoja ya kwamba wema unalipa. Karibu na mwaka 1980, Robert Axelrod, msomi wa siasa wa Marekani, aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zishindane katika mchezo ambamo kila mmoja anaweza kushirikiana au kusaliti. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, halafu mfanyie mwenzako alichokufanyia mara iliyopita. Naliheshimu somo hilo. Katika biashara, katika ujirani, katika mikataba ya mataifa, ni jema kujua kwamba mwenye akili hana sababu ya kuwa mwovu. Ila halijajibu swali letu. Rafiki ambaye ukimkosea mara moja anakukosea mara moja, ukimtendea vyema anakutendea vyema, huyo ni mshirika mzuri. Siku unayolala hoi, huna cha kumrudishia na hutakuwa nacho tena, unamhitaji mtu wa namna nyingine. Hata Epicurus, mwanafalsafa aliyeifanya raha kuwa lengo la maisha, alifundisha kwamba mwenye hekima kuna wakati atakufa kwa ajili ya rafiki yake. Mwalimu wa raha alifika huko. Sijui namna ya kulifafanua hilo kwa faida ya anayekufa, nami sioni sababu ya kujaribu.

Na niseme neno la tahadhari kwa upande wangu pia, kwa kuwa siku hizi wema nao umekuwa kama dawa ya kununuliwa. Mwaka 2008, mtafiti wa saikolojia Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu 46 walipewa bahasha asubuhi, yenye dola 5 au dola 20. Wengine waliambiwa wazitumie kwa ajili yao, wengine kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliotumia kwa wengine walisema wana furaha zaidi, na kiasi cha pesa hakikuleta tofauti. Watu 46 ni wachache, lakini jambo lenyewe nadhani wengi wetu tumelionja. Sasa atokee mtu alisome jaribio hilo, aseme, kumbe, basi kila Ijumaa nitatoa kitu nipate furaha. Huyo atatoa macho yakiwa kifuani kwake, anapima kama inakuja. Naye anaandika daftari. Safu ya mwisho tu ndiyo imebadilika jina.

Lile daftari ndilo lililonisaidia hatimaye kumjibu yule binti. Kwa muda mrefu nilidhani kinyume cha kujijali ni kutoa. Shangazi alinionyesha kwamba mtu anaweza kutoa kila kitu na bado nafsi yake ikawa ndiyo jambo pekee lililo machoni pake, kwa sababu ina njaa. Mwenye njaa hafikirii kingine. Kujijali kwa akili kuna kazi yake hapo, kazi kubwa: kuilisha nafsi, kuipumzisha, kuikatalia wanaoinyonya, ili itulie iweze kutazama nje. Ukiisha kula unaacha kufikiria chakula. Wenye kuhubiri kafara kwa watu wenye njaa ya nafsi wanafanya ukatili, na nasema hivyo nikijua kwamba nami nilipokea kutoka kwa mtu wa namna hiyo bila kuuliza yeye amekula nini.

Binti aliporudi kuchukua kitabu chake, nilimsimulia habari ya daftari kama nilivyowasimulia nyinyi. Kisha nikamuuliza, "Ukibaki kuwalea wadogo zako, utabaki bila daftari?" Alikaa kimya muda mrefu, amekiinamia kitabu. Akasema, "Nimeshaanza kuliandika kichwani, mwalimu. Lina miaka miwili." Nikamuuliza na la pili: "Na huko unakotaka kwenda, unakwenda kumfuata nani?" Nilidhani atasema anajifuata yeye mwenyewe, kama kitabu kilivyomfundisha. Badala yake alianza kunieleza habari za namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, namna zinavyozidi kuwa adimu kadiri unavyopanda na bado haziishi, na kwamba mtu wa zamani, Euclid, alithibitisha kuwa haziishi kwa mistari michache tu. Alichukua kalamu yangu, akageuza bahasha, akaniandikia uthibitisho wenyewe. Mkono ulikuwa unakimbia. Alikuwa amesahau kwamba amekuja kuniuliza habari ya furaha yake.

Nikamwambia aende.

Haikuwa rahisi. Wadogo zake walihamia kwa mjomba wao, na yule mdogo kabisa alilia majuma mawili. Wapo waliosema ameitupa familia, na sitawaambia kwamba hakuna aliyeumia, maana yupo. Huenda kuna mtu hapa ambaye angemshauri abaki, na kama angekuwa mtu mwingine, asiyekuwa na daftari kichwani, huenda na mimi ningemshauri hivyo.

Hunipigia simu Jumapili jioni. Huanza kwa kuuliza wadogo zake, mmoja mmoja kwa jina: huyu amefaulu, yule kikohozi kimeisha? Juzi alizungumza karibu saa nzima juu ya tatizo moja ambalo yeye na wenzake wamelihangaikia tangu mwanzo wa muhula. Nusu yake sikuielewa, na alipoona nimekwama alirudi nyuma akaanza upya, polepole, kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye akiwa na miaka kumi na mitatu. Kama ana furaha au hana, sijamuuliza.